Mchezo wa Polisi Uliowanyima Waingereza Usingizi

Ndugu wanafunzi, na ninyi wenzangu mliokwisha kuondoka shuleni kama mimi,

Mhariri ameniomba niandike kidogo juu ya maisha ya huku Uingereza. Habari za baridi na theluji mmekwisha kuzisoma mara nyingi katika kurasa hizi, wala sina la kuongeza ila kwamba ni kweli. Basi nitawaeleza juu ya michezo ya polisi inayoonyeshwa katika televisheni, na hasa juu ya mmoja uitwao Adolescence, maana yake ule umri wa kubalehe. Mchezo huo ulitokea mwezi wa Machi 2025, ukawafanya watu wa nchi hii wabishane tangu jikoni mpaka Bungeni. Ninayo sababu yangu mwenyewe ya kuandika jambo hili, nanyi mtaiona huko mbele.

Mimi ni mtunza wazee katika mji wa Leeds, na kazi yangu ni ya usiku. Katika nyumba yetu wanakaa wazee wapatao thelathini, na kabla ya kulala wengi wao hukusanyika sebuleni kutazama televisheni. Wanachopenda kuliko vyote ni mauaji. Msinielewe vibaya, ni watu wapole sana, wanaomwomba radhi hata paka. Lakini maiti isipopatikana katika dakika kumi za kwanza huanza kusinzia. Yuko bibi mmoja wa miaka 88 ambaye uhodari wake wa kumtambua mwuaji unajulikana na sisi sote. Huketi na chai yake, hutazama kidogo, kisha husema, "Ni yule daktari," na mara nyingi huwa ni daktari kweli. Nilimwuliza siri yake. Akanijibu kwamba yeye humtafuta mtu ambaye hadithi ingeweza kwenda vizuri bila yeye, kwa kuwa hakuna anayemlipa mwigizaji wa bure.

Maana mchezo wa polisi wa kawaida ni kitendawili. Swali ni moja tu, nani ameua? Mtazamaji hushindana na inspekta kulijibu. Ikifika saa nne ya usiku mwuaji amekamatwa, mlango wa gari la polisi umefungwa, na mtazamaji huenda kulala kwa amani, kwa sababu ubaya wote wa mji ule umetiwa pingu na kupelekwa mahali pengine.

Kitendawili kikiteguliwa vibaya watu hukasirika sana. Tarehe 2 Mei 2021 BBC ilionyesha sehemu ya mwisho ya mfululizo wa sita wa Line of Duty, mchezo ulioandikwa na Jed Mercurio juu ya idara inayowachunguza polisi wala rushwa. Watu wapatao milioni 12.8 waliutazama usiku ule. Mchezo huo ulianza mwaka wa 2012, na kwa muda mrefu watazamaji walikuwa wakimtafuta mkubwa mmoja wa polisi aliyejificha, ambaye alijulikana kwa herufi moja tu, H. Walitazamia mtu mwenye akili za kutisha. Kumbe alikuwa Ian Buckells, afisa mzito wa akili ambaye kila mtu alikuwa akimcheka. Kesho yake kazini kwetu watu walinuna kama waliofungwa mabao matano. Nadhani mimi peke yangu ndiye niliyeona kwamba mwandishi amesema kweli. Mtu aliyekulia kwetu hahitaji kuambiwa hasara inayoweza kufanywa na afisa mvivu anayetia sahihi kila karatasi anayoletewa.

Sasa tuje katika Adolescence. Uliandikwa na Jack Thorne na Stephen Graham, ukaongozwa na Philip Barantini, na Netflix iliutoa tarehe 13 Machi 2025. Una sehemu nne tu. Alfajiri polisi wenye silaha wanavunja mlango wa nyumba ya fundi wa mabomba, wanapanda ngazi kwa kelele, na mtu wanayemtaka wanamkuta chumbani kwake. Ni Jamie Miller, mtoto wa miaka 13, naye kwa hofu amejikojolea. Wanampeleka kituoni kwa shtaka la kumwua Katie, msichana wa shuleni kwake. Jamie akana. Baba yake, ambaye Graham mwenyewe ndiye anayemwigiza, akaketi karibu naye wakati wa kuhojiwa, na sisi tuliotazama tukawa upande wa baba. Bibi wangu wa miaka 88 akasema, "Si huyu. Ni mdogo mno. Mtazameni rafiki yake." Kisha polisi wakaonyesha picha zilizonaswa na kamera ya ulinzi, na hapo tukaona kwa macho yetu kwamba ndiye.

Hiyo ni saa ya kwanza, na saa tatu nzima zilikuwa zimebaki. Bibi akaweka kikombe chini, akaniuliza, "Sasa hizo nyingine ni za kazi gani?"

Magazeti ya huku yaliandika kurasa nyingi juu ya mchezo ule, lakini sikuona lililouliza swali zuri kama hilo. Kwa kweli mchezo uliacha kuuliza nani ameua, ukaanza kuuliza kwa nini; na kwa swali hilo la pili hakuna mtu wa kutiwa pingu ili mtazamaji akalale.

Wale wa klabu ya maigizo watapenda kujua jinsi ulivyopigwa picha. Kila sehemu imepigwa kwa mfululizo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa hata mara moja. Kamera ilipokezanwa mkono kwa mkono, ikaingia katika gari na kutoka, na mwisho wa sehemu ya pili ilifungwa kwenye droni ikaruka juu ya nyumba za mji. Mwigizaji akikosea katika dakika ya hamsini, wote hurudi mwanzo. Sehemu ya nne tunayoiona ni jaribio la kumi na sita. Jamie aliigizwa na Owen Cooper, kijana ambaye hakuwa amepata kuigiza mbele ya kamera kamwe, na sehemu iliyopigwa kwanza ilikuwa ile ngumu kuliko zote, ya tatu, ambamo ameketi karibu wakati wote na mwanamke mtaalamu wa saikolojia. Septemba 2025, akiwa na miaka 15, alipata tuzo ya Emmy huko Marekani, akawa mwanamume mdogo kuliko wote waliopata tuzo hiyo kwa uigizaji. Lakini namna hiyo ya kupiga picha si ufundi wa kujionyesha tu. Picha isipokatwa, huwezi kupelekwa mahali pengine ukapumue. Mlango ukifungwa, nawe umefungiwa humo pamoja na wao.

Jambo lililoleta maneno mengi zaidi lilikuwa katika sehemu ya pili. Inspekta Bascombe anakwenda shuleni kutafuta kisu na sababu. Amekwisha kusoma ujumbe ambao Katie alimwandikia Jamie katika Instagram, naye anaona vipicha vidogo vidogo, yaani emoji, anadhani ni maneno ya urafiki. Mwanawe anasoma katika shule hiyo hiyo, anaona haya kwa jinsi baba yake anavyohangaika, anamwita kando na kumfafanulia. Kumbe hata moyo una maana yake kwa kadiri ya rangi. Kidonge chekundu kinatokana na filamu ya The Matrix ya mwaka wa 1999, na siku hizi kinatumiwa na wanaume wa mtandaoni wanaodai kwamba wamefumbuliwa macho juu ya hila za wanawake. Namba 100 ni ya wale wasemao kwamba wanawake 80 katika mia huwataka wanaume 20 tu. Kwa vipicha hivyo Katie alikuwa akimdhihaki Jamie mbele ya watu wote, kwamba yeye ni mmoja wa wale waitwao incel, wanaume ambao hakuna mwanamke anayewataka.

Mnakumbuka vile vibanda vya sinema vya Kampala, na VJ anayetufafanulia filamu ya Kichina kwa Kiganda, akiongeza chumvi zake? Bila VJ tungaliona watu wanapigana tu, tusijue wanagombania nini. Inspekta yule, pamoja na cheo chake chote, alikuwa kama mtu anayetazama filamu bila VJ, na VJ akawa mtoto wake.

Katika juma la kwanza watu zaidi ya milioni 6 wa Uingereza waliitazama sehemu ya kwanza, na ikawa mara ya kwanza kwa mchezo wa mtandaoni kuongoza hesabu ya watazamaji wa juma zima katika nchi hii. Waziri Mkuu, Keir Starmer, aliliambia Bunge kwamba anautazama pamoja na watoto wake. Tarehe 31 Machi aliwaita waliohusika kuutengeneza, pamoja na vijana na watu wa vyama vya kulinda watoto, na Netflix ikakubali shule zote za sekondari za Uingereza ziuonyeshe bila malipo. Kemi Badenoch, kiongozi wa upinzani, alipoulizwa alisema hajautazama, na hilo nalo likawa la kubishaniwa siku nzima. Wengine walivumisha kwamba ni kisa cha kweli cha mtu fulani, na kwamba rangi ya mwuaji imebadilishwa makusudi. Thorne akakanusha, akasema si kisa cha mtu mmoja. Jack Thorne pia alitaka serikali iwazuie watoto wasitumie mitandao ya kijamii, kama Australia, ambayo tangu tarehe 10 Desemba 2025 imewakataza walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti zao.

Walikuwapo pia waliolalamika kwamba Katie hakupewa nafasi. Tunamjua mwuaji, baba yake, mama yake na dada yake, lakini yule aliyeuawa ni picha tu ukutani. Hao naona walikuwa na haki. Hata hivyo, waandishi walilijua jambo hilo, maana humo ndani ya mchezo polisi wa kike analalamika vivyo hivyo. Tunaambiwa vilevile kwamba kabla ya kuuawa, picha ya siri ya Katie ilisambazwa na mvulana mwingine, na Jamie alimtaka urafiki kwa kuwa alidhani aibu ile imemdhoofisha. Hapo ndipo mimi niliposikia kichefuchefu kuliko penye damu. Ninyi wavulana mnaosoma haya, msiseme ni mambo ya Wazungu. Bwenini simu hakuna, lakini likizo ikifika mnajua wenyewe.

Sasa ile sababu yangu. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 13 mwaka ule. Usiku wangu wa mapumziko tuliketi sisi watatu, mimi, mama yake na yeye, tukautazama. Tulipofika kwenye vile vipicha, mwanangu alieleza kidonge chekundu kabla mtoto wa inspekta hajafungua kinywa. Nikausimamisha mchezo. Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Baba, kila mtu anajua." Nikamwuliza kama yeye amepata kuandikiwa hivyo. Akaitazama televisheni iliyosimama, akasema, "Mwaka jana. Ilikwisha."

Mwaka mzima. Mimi hurudi kazini saa moja na nusu asubuhi, mama yake ameondoka, na mtoto anavaa viatu. Nikiamka yeye yuko chumbani, mlango umefungwa, nami husema moyoni, vema, yuko nyumbani, hazururi mitaani na watoto wenye visu. Katika sehemu ya nne wazazi wa Jamie wanasema karibu maneno hayo hayo wakiwa wameketi kitandani, kwamba alikuwa chumbani mwake nao wakadhani yuko salama. Mama watoto aliinuka akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Sikumpiga maswali usiku ule. Katika siku zilizofuata alinieleza baadhi, ndani ya gari zaidi kuliko mezani. Walikuwa wasichana wawili na mvulana mmoja, na lililomwumiza si vile vipicha bali rafiki yake aliyeona akacheka. Niliuliza kwa nini hakuniambia. Akasema nilikuwa nimelala. Hakusema kwa kulaumu, alikuwa akieleza saa tu. Nimeomba kazini nisiwekwe zamu ya Alhamisi usiku, wakanikubalia. Alhamisi tunapika pamoja, na simu zote mbili, yake na yangu, hukaa juu ya jokofu. Yangu ndiyo inayolia zaidi.

Kama ninyi mkiupata mchezo huo, wadogo wautazame pamoja na mtu mzima. Sehemu ya tatu inatisha ingawa hapigwi mtu.

Bibi wa miaka 88 aliutazama mpaka mwisho. Aliniambia kwamba alilea wavulana watatu, na simu ilikuwa moja, ukumbini, kila mtu akisikia, na hata hivyo hakujua hata siku moja walichokuwa wakifikiri. Kisha akanyamaza. Jumatatu iliyofuata aliniomba nimtafutie mchezo mwingine, wa zamani, wenye daktari.