Usimnyang'anye mtoto upinde, mfundishe kuushika

Desemba iliyopita tulitoka Bukoba mjini kwenda kwa wazazi wa mume wangu Kamachumu, wilayani Muleba, kama tunavyofanya kila shule zinapofungwa. Siku ya tatu, nikiwa namenya ndizi nje ya jiko, nilisikia bati likilia. Mshale wa tete ulikuwa umegonga ukuta wa jiko, kiasi cha kiganja kimoja kutoka kichwa cha binti yangu wa miaka mitano.

Aliyeuachia ni kaka yake wa miaka tisa. Alikuwa amekata fimbo kibanjani, akaifunga kamba ya gunia, akawa analenga jogoo.

Nilimnyang'anya ule upinde nikauvunja gotini. Baba mkwe alikuwa amekaa barazani, akatazama vipande vile, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, umevunja fimbo tu. Kibanjani fimbo zimejaa. Kinachoweza kumtoboa mwenzake jicho ni kutojua, na hicho bado anacho."

Kesho yake asubuhi nilikuta upinde mpya umefichwa nyuma ya choo. Nikakubali kwamba mzee alisema kweli. Siku hiyohiyo nilimwomba amfundishe mjukuu wake, nami nikakaa kando nijifunze. Haya ndiyo niliyojifunza.

Upinde uwe wa kimo na nguvu zake

Kihaya huuita upinde obuta, na Kiswahili cha zamani huuita uta. Ni jamaa wa neno moja, maana silaha hii imekuwapo kwetu tangu kale. Lakini upinde wa babu haukuwa wa mtoto.

Hata Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, ambao bado wanaishi kwa uwindaji, huanza kuwapa watoto wao wa kiume pinde ndogo tangu wadogo sana. Upinde mrefu na mgumu wa mtu mzima huja baadaye, mwili ukishakomaa.

Kipimo cha nyumbani ni dumu la maji la lita tano. Kulivuta upinde wa mtoto anayeanza kusizidi sana uzito wa dumu hilo lililojaa, yaani kilo 5 hadi 7. Akiweza kuvuta kamba hadi mdomoni na kuhesabu mpaka tatu bila mkono kutetemeka, upinde unamfaa. Akitetemeka, tafuta mwepesi zaidi. Upinde mzito humfundisha mtoto kujikunja na kurusha ovyo, na tabia hiyo ni ngumu kuiondoa.

Mshale uwe mrefu kupita anavyoweza kuvuta, uzidi kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Mshale mfupi ukivutwa sana, ncha yake hurudi nyuma ya upinde, na ukiachiwa unaweza kuuchoma mkono ulioshika upinde. Tete la ziwani ni jepesi na limenyooka, lakini kabla ya kila zamu lipinde kidogo kwa mikono usikilize. Likilia au likionyesha ufa, lichomeni moto. Ncha ya mtoto isiwe na chuma wala msumari.

Kusimama

Mtoto asisimame kuikabili shabaha kifua wazi. Anayevuta kwa mkono wa kulia asimame ubavu, bega la kushoto likielekea shabaha, miguu ikiachana kwa upana wa mabega, uzito umegawanyika sawa. Kichwa pekee ndicho kinageuka.

Kabla ya hapo, jua jicho lake lenye nguvu. Mwambie anyooshe mikono mbele, aunganishe viganja abakize tundu dogo, alitazame shina la mgomba kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo bado linauona mgomba ndilo linaloongoza. Likiwa la kulia, avute kwa mkono wa kulia na kushika upinde kwa wa kushoto. Likiwa la kushoto, afanye kinyume chake.

Kushika upinde

Kosa la kwanza la mwanangu lilikuwa kuukaba upinde kama mpini wa jembe. Upinde haukabwi. Hukaa kwenye uwazi kati ya kidole gumba na cha shahada, ukilalia nyama ya chini ya gumba, vidole vingine vimelegea. Ukikabwa, huyumba wakati wa kuachia na mshale huenda pembeni.

Kiwiko cha mkono wa upinde kigeuzwe kidogo kiangalie nje. Kikiachwa ndani, kamba huuchapa mkono na kuacha alama nyekundu. Mtoto akichapwa mara mbili huanza kuogopa, na mwenye hofu hufumba macho. Mvalishe shati la mikono mirefu lililobana, au mfungie kipande cha kitambaa kinene.

Upinde wa jadi wa mti hauna kikalio cha mshale. Mshale hulala juu ya ngumi yenyewe, hivyo manyoya yake yanaweza kukwaruza. Kitambaa kilichozungushwa mkononi kinatosha.

Kuvuta na kuachia

Kamba hushikwa kwa vidole vitatu, kimoja juu ya mshale na viwili chini yake, ikikaa kwenye kiungo cha kwanza cha vidole. Mtoto asiubane mshale kwa gumba na shahada kama anayebana senene. Funga uzi wa rangi pale mshale unapokaa kwenye kamba, ili aupachike palepale kila mara.

Kisha avute kwa mgongo, si kwa mkono peke yake. Baba mkwe aliweka kiganja chake kati ya mabega ya mjukuu akamwambia, "Nibane hapa." Mtoto alipojaribu kukibana kile kiganja, kiwiko kilirudi nyuma chenyewe na mabega yakatulia.

Kidole cha shahada kifike kwenye pembe ya mdomo. Hicho ndicho kituo. Kila mshale uanzie kituo kilekile. Akivuta leo hadi kidevuni na kesho hadi sikioni, hatajua kwa nini anakosa.

Macho yote mawili yabaki wazi, yakitazama nukta moja ndogo kwenye shabaha, si shabaha nzima. Kuachia ni kulegeza vidole tu, bila kuvirusha. Mkono wa upinde ubaki juu mpaka mshale utue. Watoto wengi huushusha upesi ili waone walipopiga, na hapo ndipo mshale hupotea.

Mchezo wa upinde umo katika Michezo ya Olimpiki bila kukatika tangu 1972. Pinde za huko ni za kisasa, lakini kusimama ubavu, kituo usoni na mkono uliotulia ni vilevile.

Upinde wa mti una miiko yake

Usivute kamba na kuiachia bila mshale. Nguvu iliyopaswa kwenda na mshale hurudi kwenye mti, na mti hupasuka, wakati mwingine mbele ya uso. Usiuvute kupita kituo. Usikae umeuvuta muda mrefu ukizungumza. Ukimaliza, vua kamba mti upumzike. Usiuache juani wala juu ya moshi wa jiko, na kwa mvua zetu za Kagera, usiuache nje usiku.

Mahali na sheria za uwanja

Kibanja si uwanja. Migomba huficha watu, na njia za kwenda kisimani na kwa jirani zinapita humohumo. Sisi tulikwenda rweya, kwenye nyasi wazi, tukachagua mahali penye mwinuko wa udongo nyuma ili mshale uliokosa uishie hapo.

Shabaha yetu ilikuwa vipande vya migomba iliyokwishatoa mkungu, tukavipanga kimoja juu ya kingine. Gomba ni laini, mshale huingia bila kuvunjika. Tulianza umbali wa mita tano, na mtoto alisogea mita kumi baada ya wiki nzima.

Sheria za babu zilikuwa hizi. Wote, mpigaji na watazamaji, wakae nyuma ya mstari mmoja. Mishale mitatu kwa zamu. Hakuna kuokota mpaka pinde zote ziwe chini na babu aseme "nendeni". Wakati wa kuokota ni kutembea, si kukimbia, kwa sababu mkia wa mshale uliokita unaweza kumchoma machoni anayejikwaa. Anayechomoa mshale ahakikishe hakuna mtu nyuma yake. Hakuna kupiga juu angani. Na mshale usielekezwe kwa kitu chenye uhai, hata kwa mzaha.

Hilo la mwisho lina sheria ya nchi pia. Kuwinda wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na wilaya yetu inapakana na wanyama hao katika Burigi-Chato, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019. Mtoto ajue mapema kwamba upinde wake ni wa shabaha.

Jicho likiumia

Mzazi, hili lisome mara mbili. Jicho likichomwa, usilisugue, usilioshe, usitie dawa ya kienyeji, na usichomoe kitu kilichokwama. Lifunike kwa kikombe safi au karatasi ngumu iliyokunjwa bila kuligandamiza, kisha mpeleke mtoto hospitali saa hiyohiyo: Rubya au Kagondo kwa walio Muleba, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa kwa walio Bukoba. Usisubiri kesho, hata kama maumivu yamepungua.

Siku ya mwisho

Kabla hatujarudi mjini, watoto wa majirani walikuja rweya kutazama. Mwanangu alivuta mshale wa tatu, kituo kikafika mdomoni, kisha ghafla akaurudisha kamba taratibu na kuushusha upinde. Mbuzi wa mtu alikuwa ametokea kando ya shabaha, na mtoto mdogo anamfuata.

"Babu, naomba tusubiri," akasema.

Babu yake hakumsifu kwa maneno mengi. Alitikisa kichwa tu, kisha akanitazama mimi. Siku hiyo mwanangu alipata gomba mara nne kati ya mishale kumi na miwili. Mimi nilihesabu ule mmoja ambao hakuuachia.