Plagi ni Chuma, Silinda Hedi ni Alumini

Barabara ya kutoka Mpanda kwenda Kibaoni hupita Sitalike na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Ukifika Kibaoni, na hasa ukichepuka kuelekea Usevya au Majimoto, utaona jinsi injini ndogo za petroli zilivyobeba maisha ya watu: bodaboda zenye abiria na magunia ya mpunga, Probox na IST za abiria, pampu za kumwagilia bustani. Zote huwaka kwa cheche ya plagi, na karibu zote plagi hiyo imefungwa kwenye silinda hedi ya alumini.

Plagi ni kifaa cha bei ndogo. Silinda hedi si ya bei ndogo, na tundu lake likiharibika Kibaoni, mara nyingi safari ya kutafuta karakana yenye mashine huanzia hapo hadi Mpanda au Sumbawanga. Kwa mwendesha bodaboda, hizo ni siku bila kipato. Ndiyo maana kazi hii inayoonekana nyepesi inastahili kuelezwa kwa makini.

Watengenezaji walichagua alumini kwa sababu ni nyepesi na hupitisha joto haraka kuliko chuma cha kusubu. Kwa pikipiki inayopozwa na upepo tu, sifa hiyo ni kubwa. Lakini alumini ni laini. Shingo ya plagi ni ya chuma kigumu. Vikigombana, nyuzi za plagi hubaki nzima na nyuzi za hedi ndizo zinazochubuka. Tena, alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ya kwanza: usiguse plagi injini ikiwa ya moto. Alumini yenye joto hulegea zaidi, na nyuzi zake hukwaruzika kwa urahisi wakati wa kufungua. Ukifunga plagi baridi kwenye hedi ya moto, hedi itakapopoa itanywea na kuibana plagi kuliko ulivyokusudia. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya injini bila kukitoa. Abiria anaweza kupanda pikipiki nyingine. Nyuzi zikikatika hazirudi.

Kanuni ya pili ni usafi, na kwa vumbi letu la kiangazi ina uzito wa pekee. Mchanga hujikusanya kwenye shimo linalozunguka plagi. Ukifungua bila kusafisha, mchanga unaingia ndani ya silinda na kukwaruza ukuta wake na pistoni, na mwingine unabaki katikati ya nyuzi na kuzisaga. Legeza plagi kidogo tu, puliza kwa kompresa ya upepo au pampu ya baiskeli, kisha ndipo uitoe. Kwenye gari toa koili moja baada ya nyingine, ukivuta kofia yake na si waya.

Plagi ikigoma, usiongeze urefu wa mpini. Weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri, kisha zungusha kidogo kulia na kushoto, ukirudi nyuma kila inapokaza. Plagi iliyokaa miaka mingi huota uchafu wa moshi kwenye nyuzi, na unyevunyevu kati ya chuma na alumini huleta kutu inayovigandisha. Hatari hii ni kubwa zaidi kwa plagi za iridiamu, kwa kuwa zinaweza kwenda hadi kilomita 100,000 na watu huzisahau humo.

Ikishatoka, itazame. Rangi ya kahawia au kijivu hafifu ni afya. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli nyingi kuliko hewa, na kwa huku kwetu anza kukagua chujio la hewa lililojaa vumbi. Weusi wenye mafuta unaashiria ringi au sili za valvu zilizochoka. Ncha nyeupe yenye malengelenge inaonya kwamba injini inachemka kupita kiasi.

Plagi mpya lazima ilingane na ya kiwandani. Pikipiki nyingi za Kichina zilizotokana na muundo wa Honda CG125 hutumia plagi ya aina ya D8EA, yenye nyuzi za kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 19. Plagi fupi huacha sehemu ya nyuzi za hedi wazi ndani ya moto, zikajaa masizi. Ndefu kupita kiasi inaweza kugonga pistoni au valvu. Ikianguka sakafuni, iache: kauri yake inaweza kupasuka kwa ndani pasipo wewe kuona.

Sasa kufunga, na hapa ndipo hedi nyingi hufa. Anza kwa vidole, si kwa racheti. Kwenye shimo refu la gari, chomeka kipande cha mpira wa mafuta kwenye kichwa cha plagi na uzungushe kwa mpira huo: plagi ikiingia upande, mpira utateleza kabla nyuzi hazijaumia. Plagi nzuri huingia kwa mikono mpaka ikalie kabisa. Ikikaza mapema, toa uanze upya.

Baada ya hapo hutumika spana ya kupimia nguvu. Kwenye hedi ya alumini, plagi ya milimita 12 huhitaji Nm 15 hadi 20, na injini ya 1NZ-FE iliyomo katika Probox na IST nyingi huhitaji Nm 18. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 6 ukining'inia kwenye mpini wa sentimita 30. Ni kidogo kuliko nguvu ambayo wengi wetu hutumia. Usipokuwa na spana hiyo, plagi mpya yenye washa ikishakaa kwa mkono izungushe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko, usimame. Iliyokwisha kutumika, ambayo washa yake imeshabanwa, inatosha moja ya kumi na mbili ya mzunguko, kama mshale wa saa unavyotoka saa sita hadi saa saba. Usiilegeze pia: plagi isiyokaa vizuri haipitishi joto lake kwenye hedi, huungua, na inaweza kutoboa pistoni.

Kuhusu grisi ya nyuzi: plagi nyingi za kisasa zimepakwa nikeli au zinki kuzuia kutu, hivyo haihitajiki. Grisi hupunguza msuguano, na nguvu ileile ya mkono ikakaza kupita kiasi.

Nyuzi zikishakatika, usikubali gundi wala plagi ya kulazimisha. Tengenezo la kweli ni kupanua tundu, kulikata nyuzi upya na kuweka koili ya chuma cha pua au bushi, huku vipande vyote vya alumini vikizuiwa visianguke ndani ya silinda.

Ombi langu kwa vijiwe vya bodaboda vya Kibaoni vyenye mfuko wa pamoja ni moja: nunueni spana ya kupimia nguvu mkabidhi fundi wenu mnayemwamini, naye asiharakishwe. Injini inapopoa, msubirini.