Paka anakonda: kweli au si kweli?

Singida, alizeti ikishaingia stoo, paka ndiye mlinzi. Siku akianza kukonda na kutapika, kila jirani ni daktari.

"Minyoo hiyo." Huenda, na dawa ya minyoo si ghali. Ila paka aliyevuka miaka kumi, anayepungua wiki hadi wiki, pengine huku anakula kama kawaida, huenda ana limfoma: saratani ya seli za kinga, ambayo kwa paka hupenda utumbo. Daktari humpapasa tumbo taratibu. Utumbo wenye afya huteleza vidoleni kama utepe. Ulioshikwa na saratani huwa mnene kama kamba, au vidole hugota kwenye uvimbe. Lakini vidole si kipimo. Uvimbe huchomwa sindano nyembamba, kinachotoka kikapakwa kwenye kioo cha hadubini. Pengine hukatwa kipande kidogo cha nyama kwa upasuaji.

"Achomwe sindano apate nafuu, vipimo baadaye." Si kweli, na hili ndilo linaloniuma. Prednisoloni na ndugu zake, steroidi za sindano hizo, husinyaza seli za saratani kwa muda. Paka anachangamka, anaomba dagaa, nyumba nzima inafurahi. Sampuli ikichukuliwa siku hizo inaweza isionyeshe kitu. Sampuli kwanza.

"Inaambukiza." Saratani yenyewe, hapana. Virusi vya lukemia ya paka, vinavyoweza kuisababisha, vilivyogunduliwa Glasgow mwaka 1964 na William Jarrett, ndivyo huambukizwa kwa mate: kulambana, kula sahani moja, kung'atana. Binadamu havimpati.

"Haina tiba." Kupona kabisa ni nadra, kweli. Lakini limfoma ya seli ndogo ikipewa vidonge vya prednisoloni na klorambusili, paka wengi huishi miaka miwili na zaidi. Ya seli kubwa ni kali: sindano za vinkristini na wenzake, na mara nyingi huhesabiwa miezi. Vinkristini hutoka kwenye ua la Madagaska, lile la waridi au jeupe, petali tano, lililopandwa mbele ya nyumba nyingi. Usimchemshie majani yake; ni sumu.

"Bila kumpeleka Morogoro hapimwi." Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko mbali, na paka ndani ya kikapu kwenye basi ni mateso ya abiria wote. Lakini kioo kilichopakwa sampuli na kukaushwa kwa hewa husafiri vizuri ndani ya kiboksi kidogo. Mwombe daktari wako akitume, mgonjwa abaki nyumbani.