Mkanda wa dawa ya kupe shingoni mwa mbwa: ujue madhara yake



Tunapopita nyumba kwa nyumba, sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunaona kaya nyingi zinafuga mbwa kwa ajili ya ulinzi wa usiku. Mbwa hao hupata viroboto na kupe. Wapo wanaowavalisha mkanda wenye dawa shingoni, na wapo wanaotumia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa hizi zinasaidia, lakini ni sumu.

Mkanda unafanyaje kazi?

Plastiki ya mkanda imechanganywa na dawa ya kuua wadudu. Dawa hutoka kidogo kidogo na kuenea kwenye ngozi na manyoya ya mbwa kwa wiki nyingi au miezi. Kwa hiyo mtoto anayecheza na mbwa huyo, kisha akala bila kunawa mikono kwa sabuni, anaweza kumeza dawa hiyo.

Dalili za kuangalia kwa mbwa

1. Ngozi: kujikuna shingoni, wekundu, manyoya kunyonyoka, vidonda chini ya mkanda.
2. Tumbo: kutapika, kuhara, kukataa chakula.
3. Mwili mzima: kutoka mate mengi, kutetemeka, kuyumba, kusinzia kupita kawaida, degedege, kupumua kwa shida. Hizi ni dalili za hatari.

Ufanye nini?

Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi, uvue mkanda. Mwogeshe mbwa kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa au mafuta, maana anaweza kupaliwa. Chukua pakiti ya mkanda umwone afisa mifugo haraka.

Lakini angalia! Mbwa mwenye kichaa naye hutoka mate na kuyumba. Kama tabia yake imebadilika, anauma ovyo, au aliwahi kuumwa na mbwa mwingine miezi ya karibuni, usimguse hata kama amevaa mkanda. Waondoe watoto na umwarifu kiongozi wa eneo lako. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua.

Namna ya kuzuia madhara

- Soma maelezo ya pakiti. Usimvalishe mbwa mchanga aliye chini ya umri ulioandikwa.
- Mkanda wa mbwa usimvalishe paka. Baadhi ya dawa za mbwa, kama permethrini, huua paka.
- Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Kata kipande kinachobaki ili mbwa asikitafune.
- Usitumie dawa ya ng'ombe bila kipimo cha afisa mifugo. Usiiweke kwenye chupa ya soda, na usiipake kamwe kichwani mwa mtoto mwenye chawa.
- Mbwa asilale kitanda kimoja na watoto.

Mtoto akitafuna mkanda au akinywa dawa, mwoshe mdomo na mikono, mvue nguo zilizolowa dawa, usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na pakiti au chupa.

Kama huna fedha ya mkanda

Mayai ya viroboto huanguka pale mbwa anapolala. Fagia hapo kila siku na uanike matandiko yake juani. Mchane mbwa, na kupe uwang'oe kwa kibano, si kwa vidole vitupu. Funza wa miguuni pia ni aina ya kiroboto, na mbwa huweza kuwa nao. Hivyo usafi wa mahali anapolala mbwa unalinda miguu ya watoto wako pia.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya anayepita kwenye eneo lako.