Homa ya Mafua Makali: Maandalizi ya Idara za Dharura Tarime na Serengeti

Mafua ya kawaida huanza polepole na kupona yenyewe. Homa ya mafua makali, inayoletwa na virusi vya influenza, hushika ghafla: homa kali, kikohozi kikavu, maumivu ya misuli na uchovu mwingi. Kwa baadhi ya wagonjwa huishia katika nimonia. Mwaka 2009 virusi vipya vya H1N1 vilienea duniani, Tanzania ikiwemo.

Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, na watu huvuka mpaka wa Sirari kila siku. Wilaya ya Serengeti hupokea watalii kutoka mabara mengi. Aidha, katika nchi za joto maradhi haya hayana msimu mmoja ulio dhahiri. Kwa hiyo maandalizi hayana budi kutangulia wagonjwa.

Jambo la kwanza ni mlangoni. Anayekohoa apewe barakoa na kuketi penye hewa ya kutosha, angalau mita 1 kutoka kwa wenzake. Pili, wagonjwa wahudumiwe kwa uzito wa hali zao, si kwa zamu ya kufika. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, asiachwe kwenye foleni. Tatu, mitungi ya oksijeni, vipimia oksijeni na jenereta vikaguliwe mapema. Kiwango cha oksijeni katika damu kikishuka chini ya asilimia 90, mgonjwa aongezewe oksijeni mara moja.

Mkoa wa Mara una malaria, hivyo kila mwenye homa apimwe. Hata hivyo, kipimo kikionyesha malaria, nimonia haijaondolewa: kifua kichunguzwe pia. Antibiotiki haziui virusi. Hutolewa panapokuwa na maambukizi ya bakteria. Dawa ya oseltamivir hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.

Wajawazito, wazee, watoto wadogo na wenye pumu, selimundu au VVU wasingoje homa izidi. Kupumua kwa shida, kifua kubonyea ndani, degedege, kuchanganyikiwa au mtoto kushindwa kunyonya ni dalili za hatari. Kwa anayeishi mbali na Mugumu au Tarime mjini, safari ianze dalili ya kwanza inapoonekana. Saa zinazopotea nyumbani ni vigumu kuzifidia hospitalini.