Maji ya Moto Nyumbani: Yapashwe kwa Kitu Gani?

Wahenga walisema, maji ya moto hayachomi nyumba. Ni kweli, maji hayachomi. Lakini kile kinachoyapasha moto, msomaji mpenzi, chaweza kuichoma nyumba, chaweza kuimaliza fedha ya nyumba, tena chaweza kumwua mtu wa nyumba. Ndiyo maana leo twapenda kuzungumza nanyi, akina baba na akina mama, juu ya kupasha maji ya kuoga.

Watu wa pwani labda watacheka. Lakini wenzetu wa Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto waijua baridi ya Juni na Julai. Mtoto mchanga, mgonjwa na mzee hawawezi kuogeshwa maji ya mtungini siku hizo. Basi kwao maji ya moto si anasa.

Kabla hujanunua kitu, jiulize maswali matatu. Je, nyumba yangu yahitaji madebe mangapi kwa siku? Je, ni nani atakayetafuta kuni, au kulipa umeme? Je, ni nani awezaye kudhurika? Mwenye duka hatakuuliza hayo. Ni juu yako mwenyewe.

Kuni na mkaa

Mafiga matatu hayana gharama ya dukani, lakini yana gharama nyingine. Sehemu kubwa ya moto hupotea pembeni, na moshi humwingia mama machoni na kifuani. Tena, kuni hazijileti zenyewe. Binti anayekwenda porini alfajiri ili baba aoge maji ya moto, huyo ndiye anayechelewa shule. Hiyo nayo ni bei, ingawa hailipwi kwa shilingi. Kama huna budi kutumia kuni, jenga jiko la udongo lenye kuta zinazokizunguka chungu, tumia kuni kavu, na ufunike sufuria kila mara.

Jiko la mkaa nalo lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiachwe chumbani usiku ili kuleta joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kichwa humwuma mtu, usingizi humshika, na asubuhi haamki.

Umeme

Siku hizi nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi, na madukani kuna hita ndogo ya kuchovya ndani ya ndoo. Bei yake ni nafuu. Kupasha debe moja la lita 20, kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40 zinazofaa kuogea, kwahitaji karibu nusu ya uniti. Hita ya wati 1500 huimaliza kazi hiyo kwa dakika 20 hivi. Hesabu sasa: watu sita, kila mtu debe lake, ni karibu uniti tatu kila siku.

Lakini hita hiyo imekwisha kuwaua watu. Tumia ndoo ya plastiki, si ya bati. Itie hita majini kwanza, ndipo uwashe. Zima na uchomoe waya ukutani kabla hujagusa maji, hata kwa ncha ya kidole. Mtoto asiachwe karibu nayo.

Kuna pia shawa ya umeme, ile inayopasha maji yanapopita. Nyingi zatumia wati 5000 hivi, yaani sawa na taa 500 za wati 10. Yataka waya wake mnene, waya wa ardhini, na fundi aliyesomea kazi yake. Nyumba yenye nyaya nyembamba za taa na redio isifungiwe shawa hiyo, maana nyaya zitapata moto mpaka kuunguza dari.

Jua

Iko njia nyingine ambayo wengi huidharau kwa kuwa haina bei. Mwaka 1891 Mmarekani mmoja, Clarence Kemp wa Baltimore, alipata hataza ya kipasha-maji cha jua: matangi meusi ndani ya sanduku lenye kioo juu. Ubaya wake, maji yalipoa usiku. Mwaka 1909 William Bailey wa California aliliweka tangi mbali na jua, juu zaidi, akalifunika lisipoteze joto. Maji yaliyopata moto ni mepesi, basi hupanda yenyewe tangini bila pampu. Hita nyingi za sola za leo zafuata njia hiyohiyo. Bei yake ni kubwa siku ya kununua, lakini baadaye jua halidai. Kwetu Tanzania, kusini mwa ikweta, ielekezwe kaskazini, maana mwezi wa Juni jua liko huko.

Huna fedha hizo? Chukua dumu, lipake rangi nyeusi kwa nje, lijaze, uliweke juani tangu asubuhi mahali pasipo na upepo. Lisiwe dumu lililotiwa dawa ya kahawa au ya pamba. Kama maji yalikuwa nyuzi 20, na jua likayafikisha nyuzi 35, basi robo tatu ya kazi imekwisha. Moto kidogo tu watosha kumalizia. Waogeshe watoto saa kumi jioni, si alfajiri. Maji yatakayobaki yafunike kwa magunia na majani makavu. Lakini maji hayo hayajachemka. Ya kunywa yachemshwe kama kawaida.

Njia yoyote utakayochagua, tia maji baridi kwanza ndani ya beseni, ndipo ya moto, na upime kwa kiwiko. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache tu, na ngozi ya mtoto ni nyororo kuliko yako.

Basi, baba wa nyumba, usikimbilie kitu kwa sababu jirani anacho. Anza na jua, lisilotaka kuni wala uniti. Lisipotosha, ongeza jiko zuri. Umeme uwe wa mwisho, nao uwe mikononi mwa fundi hodari. Hivyo watu wako watapata maji ya moto, binti yako atawahi shule, na wote mtaamka salama.