Silabi ma- Mwanzoni mwa Nomino: Kiambishi au Sehemu ya Shina?

Maneno yanayoanza kwa herufi zilezile si lazima yahusiane kimaana. Katika Kiingereza, un- ya neno unhappy ni kiambishi kikanushi, ilhali un- ya uncle haina maana ikitengwa. Msamiati wa pwani ya Mtwara na mlango wa Mto Ruvuma unadhihirisha hali hiyohiyo katika Kiswahili. Ma- ya madafu ni kiambishi cha wingi, kwani umoja wake ni dafu. Ma- ya mashua ni sehemu ya shina: husemwa mashua hii, mashua hizi, wala umoja wake si *shua. Vilevile, katika Mmakonde, Wamakonde na Kimakonde, ma- haiondoki kiambishi cha mwanzo kinapobadilika. Hivyo basi, kigezo cha uchanganuzi si herufi, bali umoja na wingi pamoja na upatanisho wa kisarufi.

Tofauti hii ina athari kwa watumiaji wa kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu (1981) huorodhesha nomino za aina hii kwa umbo la umoja. Kwa hiyo madafu hutafutwa katika D, mashua katika M. Mwanafunzi asiyeifahamu huhitimisha kwamba neno halimo, ilhali limo.